Mandhari Huisha Kabla ya Mayai: Mwongozo Kamili wa Kifungua Kinywa cha Hoteli ya Kifahari

Umelipia chumba kinachotazama bonde, ziwa, msitu au bahari, na kifungua kinywa kimo ndani ya bei. Kuna namna moja ya kukipoteza ambayo karibu kila mgeni huifuata. Anaamka saa 3, anashuka saa 3:40, anapanga foleni na kujaza sahani, kisha anakaa kwenye meza iliyobaki, ile iliyo karibu na mlango wa jikoni. Anakula huku akiperuzi simu, na ikifika saa 4:30 wahudumu wanaanza kukunja vitambaa vya meza. Ameshiba, na huenda chakula kilikuwa kizuri kweli. Ila saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza ilikwisha zamani, na hiyo ndiyo iliyofanya hoteli ijengwe pale badala ya katikati ya mji.

Mayai yakiisha kwenye bufe, mpishi huongeza mengine. Ukungu ukishapanda umepanda, mpaka kesho. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na tofauti hiyo.

Hatua ya 1: Soma ulichonunua

Fungua uthibitisho wa chumba chako ukiwa bado nyumbani. Ukiona herufi BB, umelipia kulala na kifungua kinywa. HB huongeza mlo mmoja mkuu, mara nyingi wa jioni, na FB ni milo yote mitatu. RO ni chumba kitupu, na mtu aliyenunua RO akidhani ni BB hugundua siku ya kuondoka, anapokabidhiwa ankara.

Halafu waandikie hoteli maswali manne mafupi. Kifungua kinywa kinaanza saa ngapi na kufungwa saa ngapi? Ni bufe au kila mtu anaagiza mezani? Kuna meza za nje, na je, mtu anaweza kuwekewa moja? Kuletewa chumbani kunalipiwa pembeni? Hilo la mwisho ndilo linaloleta ugomvi. Kuna hoteli ambazo "kifungua kinywa kimejumuishwa" humaanisha bufe tu, huku juisi iliyokamuliwa papo hapo, kahawa ya mashine na chochote kinachobebwa hadi mlangoni kwako vikiandikwa kwenye bili ya chumba.

Kama una mzio wa karanga, maziwa, mayai, ngano au samaki, waambie kwenye ujumbe huohuo, kisha mwambie tena mhudumu ukishakaa mezani. Ujumbe unaweza kuishia kwa mtu wa mapokezi, na mpishi asiujue.

Hatua ya 2: Jioni ya kuamkia, nenda ukaikague baraza

Dakika kumi zinatosha. Nenda pale kifungua kinywa kinapoandaliwa, ukatembee kama mtu anayetafuta kiwanja cha kujenga. Jua litatokea upande gani? Mlango wa jikoni uko wapi, maana sahani zitagongana hapo kuanzia alfajiri? Spika za muziki zimefungwa kwenye nguzo ipi? Wavutaji sigara wametengewa kona gani, na upepo unaelekea wapi?

Kuhusu jua, kuna hesabu moja ya mkono ninayoipenda. Simu itakuambia jua linachomoza saa 12:20, lakini simu haijui kwamba mbele yako kuna mlima. Nyoosha mkono, kunja ngumi, ipange juu ya usawa wa macho yako na uhesabu ni ngumi ngapi mpaka kilele. Upana wa ngumi moja ni takribani nyuzi 10 za anga. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mahali ambapo jua hupanda wima, kama karibu na ikweta, ngumi moja ni dakika kama 40. Mbali na ikweta jua hupanda kimshazari na kuchukua muda zaidi. Kilele kikiwa ngumi mbili, ujue meza yako itabaki kivulini kwa zaidi ya saa nzima baada ya muda ulioandikwa kwenye simu. Sasa unajua kama utahitaji sweta, na unajua hasa dakika ambayo mwanga utashuka ubavuni mwa mlima na kufika kwenye kikombe chako.

Kisha mtafute mhudumu ambaye hana haraka, umsalimie vizuri, na uulize swali hili: "Samahani, wageni wanaowahi asubuhi hupenda kukaa wapi?" Usiulize meza nzuri ni ipi, kwa sababu atakujibu kwa adabu kwamba zote ni nzuri. Ukiuliza wengine hukaa wapi, utapata habari. Mimi niliwahi kujibiwa hivi: "Ile ya kona, mzee. Lakini uwe umefika kabla ya saa 1. Kesho kuna kundi la watu 40, likishuka hapa utaketi na nani?" Jibu hilo moja lilinifaa kuliko picha zote nilizotazama kabla ya kuweka nafasi. Mapokezi nao wanajua hoteli imejaa kiasi gani na kama kuna kundi linaloondoka mapema. Waulize.

Hatua ya 3: Chagua saa kulingana na mahali

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa kudhani asubuhi ni asubuhi popote. Kila mandhari ina saa yake, na kuna sababu.

Bondeni na mlimani, hewa baridi ni nzito, hivyo usiku huteremka na kujikusanya chini. Ikipoa vya kutosha, unyevu hugeuka ukungu, na bonde huamka likiwa limejaa kitu kama pamba, vilele vikichungulia juu yake. Jua likishapasha ardhi, ukungu unaanza kuchanika na kupanda, mara nyingi ndani ya saa chache baada ya mapambazuko. Kitu cha kuona hapo ni ule mchaniko wenyewe, kwa hiyo fika kabla haujaanza, ukae mpaka uishe. Hoteli ikiwa juu ya ukungu utatazama bahari ya mawingu. Ikiwa ndani yake, hutaona hata uzio, na hapo heri uendelee kulala nusu saa zaidi.

Ziwani, unachokiwahi ni utulivu. Maji huwa kioo alfajiri kwa sababu upepo wa mchana bado haujaamka. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu yake hupanda, na hewa ya majini huja kuziba pengo. Hiyo ndiyo matlai ya baharini, na ziwa kubwa nalo huwa na yake. Kwa kawaida inaanza kusikika asubuhi ikiwa imesogea. Kabla ya hapo mlima wa ng'ambo unauona mara mbili, mmoja juu na mwingine kichwa chini majini. Upepo wa kwanza ukipita, ule wa chini unavunjika vipandevipande.

Pwani ni kinyume kidogo. Matlai ikianza ndipo baraza inapopendeza, kwa kuwa inapunguza joto, lakini pia ndiyo inayopeperusha leso na kupoza mayai. Pia angalia ratiba ya maji kupwa na kujaa. Bahari uliyoiona jana jioni ikigonga ukuta inaweza kuwa imerudi nyuma sana asubuhi, ikaacha mchanga, mwani na ndege. Wengine hulalamika. Mimi naona maji yakipwa kuna mengi zaidi ya kutazama.

Msituni na nyikani, nenda kwa masikio. Ndege wengi huimba zaidi kuanzia giza linapopauka hadi muda mfupi baada ya jua kuchomoza, kisha sauti zinapungua kadiri wanavyokwenda kutafuta chakula. Wanyama wakubwa nao hutembea zaidi kabla joto halijapanda. Bufe ikifunguliwa saa 1, wimbo wenyewe umeshakwisha kwa kiasi kikubwa. Dawa yake ni hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Kahawa kabla ya kahawa

Omba kinywaji cha moto nusu saa kabla bufe haijafunguliwa. Hoteli nyingi za hadhi hii zina huduma hiyo, ama mtu anagonga mlango na sinia dogo kwa saa uliyotaja, ama birika linawekwa kwenye kona ya ukumbi kwa wanaowahi. Ikiwa chumbani kuna jagi la umeme, jichemshie mwenyewe. Toka na kikombe chako roshani, ukae. Usibebe simu, au ibebe ila iache mfukoni.

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ukijichemshia mwenyewe haigharimu kitu. Mwenye njaa hawezi kutazama mlima kwa utulivu, na mwenye sahani mbele yake hutazama sahani. Kikombe kimoja kinakupa kitu cha kushika, joto viganjani, na sababu ya kutokwenda popote. Ukimaliza hapo, hata bufe ikiwa ya kawaida, asubuhi yako imeshapona.

Ukiwa juu sana milimani, jua kwamba chai haitatoka kama ulivyozoea. Usawa wa bahari maji huchemka kwa nyuzijoto 100, na kiwango hicho hushuka kama nyuzi 1 kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye mita 2,400, maji yanayotokota mbele yako yana nyuzijoto kama 92 tu. Majani ya chai nyeusi hupenda maji yanayochemka hasa, kwa hiyo yaache yakae dakika moja au mbili zaidi, na upashe kikombe kwanza. Kahawa haidhuriki, kwani kiwango hicho ndicho inachokipenda.

Hatua ya 5: Vaa kwa ajili ya kukaa

Kitu chepesi ndani, kingine cha kufunika juu, viatu vinavyostahimili umande. Usiende na kanzu ya kuogea, hata kama uliwaona watu wamevaa hivyo kwenye picha, isipokuwa hoteli imesema ni sawa. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi vichukue, hasa milimani na kwenye theluji. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, miale ya urujuanimno, ile ya jua inayounguza ngozi, huongezeka kwa asilimia 10 hadi 12 kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale hiyo. Baridi hukudanganya. Unakaa saa mbili ukijiona uko salama, na mchana pua inaanza kuwasha.

Hatua ya 6: Keti ubavu kwa jua

Ukilikabili jua utakunja uso mlo mzima. Ukilipa mgongo, kivuli chako kitaanguka kwenye sahani na shingo itaungua. Likae begani, kushoto au kulia. Mwanga wa ubavuni pia ndio unaochora mikunjo ya milima na mawimbi, kwa hiyo mandhari yenyewe huonekana vizuri zaidi kutoka upande huo. Kumbuka jua linasogea, na kivuli cha mwavuli kitasogea pia. Kiti kilicho kivulini saa 1 kinaweza kuwa juani saa 2.

Kama mko wawili, msikae mkitazamana huku mmoja akiwa ameelekea ukuta. Sogeza kiti, mkae kwenye pembe ya meza. Hakuna mhudumu atakayekasirika.

Hatua ya 7: Zunguka mikono mitupu

Macho hayana pazia, na bufe imepangwa na watu wanaolijua hilo. Mara nyingi vinavyotangulia kwenye mstari ni vile vya bei nafuu na vya kujaza tumbo: mkate, nafaka, viazi. Vilivyo bora vimewekwa mwishoni, au kwenye meza ya pembeni isiyo na foleni, au nyuma ya mpishi anayesubiri kuulizwa. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza fanya bila sahani. Pita mpaka mwisho, funua vifuniko, soma vibao, tazama ni nini kinachopikwa muda huo na nini kimekuwa pale tangu alfajiri. Ukirudi mezani ndipo uamue.

Kisha nenda kwa awamu ndogo. Mimi huanza na matunda na kitu kimoja cha maziwa, hufuata cha moto, na humaliza na mkate mtamu pamoja na kahawa ya pili. Wewe panga upendavyo, ila sahani isizidi vitu vitatu. Sahani yenye vitu tisa ina ladha moja tu, ya mchuzi wa maharage uliotiririka mpaka kwenye nanasi.

Nanasi lenyewe lina kituko chake. Bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, ndiyo maana ukilila kwa wingi ulimi huwashwa, na ndiyo maana mtindi uliochanganywa nalo ukaachwa huanza kuwa mchungu. Changanya na ule papo hapo, au kula kila kimoja peke yake.

Kwenye mikate, chukua kroasanti moja, uivunje katikati kabla ya kuongeza ya pili. Iliyotengenezwa vizuri inapasuka kwa sauti, inamwaga vipande mezani, na ndani ina vyumba kama sega la asali, kwa sababu tabaka za siagi zilitoa mvuke tanuruni na kuinua unga. Ikinyumbuka kama sponji bila sauti, imekaa sana au ilitoka kwenye friza ikaokwa kwa haraka. Iache, uchukue mkate wa kawaida na siagi. Siagi ikiwa ngumu kama jiwe, iweke karibu na birika dakika chache.

Na sasa mayai, maana hapo pana mpishi wa kweli na moto wa kweli.

Usichukue yale yaliyovurugwa yanayosubiri kwenye chombo cha bufe. Ute wa yai huanza kuganda kwenye nyuzijoto 62 hivi, kiini kwenye kama 65, na kufikia 70 kimekaza. Chombo cha bufe kinachofuata kanuni hukaa juu ya 60. Maana yake mayai yaliyomo yanaendelea kupikwa polepole muda wote, mpaka yanatoa maji na kuwa kama mpira. Simama mbele ya mpishi, subiri zamu yako, useme unachotaka kwa maneno yanayoonekana: "kimanda laini katikati, vitunguu kidogo, usikigeuze hudhurungi." Mtazame mkono wake. Mpishi anayejua huweka siagi, husubiri povu litulie, humimina mayai, kisha hutikisa kikaango kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta kingo kuelekea ndani. Ndani ya dakika moja na nusu kinaviringika kwenye sahani yako, bado kinatetemeka. Hicho usikipitishe kwenye meza ya soseji. Nenda nacho moja kwa moja mpaka kitini.

Mayai ya kuchemsha yana mtego wake mlimani. Niliwahi kurudisha yai mara mbili kwenye hoteli moja ya juu kabisa, nikimlaumu mpishi kimoyomoyo kwamba hajui dakika sita ni ngapi. Alijua sana. Asiyejua nilikuwa mimi. Maji yake yalikuwa yakichemka kwa nyuzi chini ya nilizozoea, na dakika sita za pale si dakika sita za pwani. Omba dakika mbili zaidi, au eleza unavyotaka kiini kiwe na umwachie yeye saa.

Ukisikia umetosheka nusu, simama. Tumbo huchelewa kutuma taarifa, dakika kama 20 hivi, na hizo ndizo dakika za kutazama ulichokuja kutazama.

Hatua ya 8: Jua cha kupita bila kugusa

Hata hoteli ya gharama kubwa ina chombo kilichosahaulika. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kibaki juu ya nyuzijoto 60, cha kuharibika upesi kipozwe chini ya 5, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2. Huhitaji kipimajoto. Cha moto kiwe kinatoa mvuke ukifunua, na cha baridi kiwe kimelala juu ya barafu ambayo bado ni barafu. Samaki wa moshi aliyekunjamana kingo, jibini lenye jasho, maziwa yaliyo kwenye jagi lenye uvuguvugu juani, vyote mpite. Kijiko kimoja kinachohama kutoka chombo hiki kwenda kile ni hatari kwa mwenye mzio. Mwombe mhudumu akuletee sehemu yako kutoka jikoni, na hilo si usumbufu.

Hatua ya 9: Wenyeji wengine wa baraza

Tumbili, shakwe, kunguru, kindi, nyuki. Pale ni kwao, na wengi wao wanajua ratiba ya bufe kuliko wewe.

Niliwahi kuinuka kufuata juisi, hatua kumi tu. Niliporudi tumbili alikuwa amekaa kwenye kiti changu, si juu ya meza, kwenye kiti kabisa, akichana kifuko cha sukari kwa meno. Mkate alikuwa ameshaubana kwapani. Matunda hakuyagusa hata kidogo. Mhudumu alikuja na fimbo aliyoipiga chini mara moja, mnyama akaondoka bila haraka, kama mtu aliyekwisha lipa.

Kwa hiyo mmoja abaki mezani daima. Ukiwa peke yako, funika sahani kwa leso au mwombe mhudumu akuangalizie. Sukari na mkate ndivyo vinavyowindwa kwanza. Tumbili akishashika kitu, usikivute, maana utang'atwa, na kung'atwa na mnyama ni safari ya hospitali siku hiyohiyo hata kama jeraha ni dogo. Kuhusu shakwe, mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walionyesha kwamba shakwe hukawia kukisogelea chakula akiona mtu anamtazama. Mkazie macho tu. Nyuki na nyigu huja kwa jamu na juisi, hivyo weka kisahani juu ya glasi na utazame ndani kabla ya kunywa.

Kuwalisha ni kosa hata wakikutazama kwa huruma. Mnyama anayezoea mezani huanza kupora, na mwisho wa mnyama mporaji huamuliwa na binadamu.

Hatua ya 10: Picha, kisha weka simu chini

Piga mwanzoni, kabla hujagusa chakula na mwanga ukiwa bado uko chini na wa dhahabu. Simama, urudi nyuma hatua mbili, na meza iwe sehemu ndogo ya picha huku bonde likichukua kubwa. Dakika tatu. Usipande juu ya kiti, na usiwaingize wageni wengine kwenye picha yako wakiwa na vinywa vimejaa.

Lile sinia linaloelea kwenye bwawa la kuogelea nimelijaribu. Linapendeza kwenye picha kwa muda wa picha. Baada ya hapo unakula ukiwa umesimama kwenye maji, mkono mmoja ukizuia sinia lisikimbie, tosti ikinywa matone, kahawa ikipoa kabla hujaifikia. Likiwa la bure, lifurahie. La kulipia, heri pesa hiyo uiongeze kwenye usiku mmoja zaidi.

Kifungua kinywa cha chumbani ni jambo jingine kabisa, na kwa roshani inayotazama vizuri kinaweza kuwa bora kuliko bufe. Jaza kadi ya mlangoni usiku, taja muda wa robo saa kamili, na agiza vitu vinavyosafiri salama: matunda, mtindi, mikate, yai la kuchemsha, kahawa kwenye chupa ya kutunza joto. Kimanda na tosti havivumilii korido ndefu.

Hatua ya 11: Watu wanaokuhudumia

Jifunze jina la mhudumu siku ya kwanza, limeandikwa kifuani. Kama mtakaa siku tatu, siku ya pili atakuwa anajua kahawa yako, na siku ya tatu meza ya kona itakuwa na leso yako kabla hujafika. Bahashishi ifuate desturi ya nchi uliyopo, kwa sababu kuna mahali inatarajiwa, kuna mahali imo ndani ya bili, na kuna mahali inaudhi. Mapokezi watakuambia bila kuona haya. Usibebe chakula cha bufe kwenye mkoba. Ukihitaji tunda kwa ajili ya matembezi, omba, na mara nyingi utapewa mawili.

Hatua ya 12: Asubuhi ya kuondoka

Kifungua kinywa cha asubuhi hii huliwa kwa wasiwasi, masanduku yakiwa mlangoni. Lipa bili usiku uliotangulia, funga mizigo yote isipokuwa mswaki na nguo za kuvaa. Ukiondoka kabla bufe haijafunguliwa, agiza kifungua kinywa cha kubeba mapema jioni, na useme unataka nini ndani. Usiposema utapewa sandwichi, tufaha na yai gumu. Omba pia kikombe cha moto kiletwe dakika 15 kabla ya gari kufika.

Dereva akiwahi, mwambie asubiri kidogo. Toka barazani, nenda kwenye ile kona. Viti bado vitakuwa na umande, futa kimoja kwa mkono, ukae unywe mpaka chini.